Mtandao Unaofika Nyumbani

Siti aliamka kabla ya jua kutoka. Ulikuwa mwezi wa kumi wa mwaka 2017, msimu wa korosho. Aliingia shambani na ndoo. Aliinama, akaokota bibo, tunda la mkorosho, akanyofoa korosho, akaitia ndooni. Akainama tena. Mgongo ulikuwa unamuuma tangu wiki iliyopita. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, na kila msimu aliona kama mikorosho imeongezeka.

Mumewe, Awadhi, aliokota upande wa pili wa shamba. Watoto wao, Ziada na wenzake, walikuwa wameshaoa na kuolewa. Walibaki wawili tu katika nyumba yao bondeni, kijijini Chiwata, wilaya ya Masasi.

Siti alizaliwa Newala, juu mlimani. Mama yake aliishi huko bado, pamoja na Shamte, kaka yake Siti. Shamte alikuwa na ugonjwa wa moyo. Kila Ijumaa Siti alimpigia simu kumjulia hali. Alitumia simu pekee ya nyumba yao, ndogo ya kubonyeza, yenye laini ya kampuni iitwayo Umoja.

Siku moja simu hiyo ilitumbukia kwenye ndoo ya maji. Haikuwaka tena.

"Usisikitike, Mama Ziada," Awadhi alisema. "Jumamosi nakwenda Masasi. Nitakuletea simu ya kisasa, ya kugusa."

Jumamosi jioni alirudi akitabasamu. Alitoa simu kubwa, nyembamba, inayong'aa.

"Nimeinunua wapi, hutaamini," alisema. "Stendi, kwa kijana mmoja. Bei nzuri kuliko dukani. Pale pale kulikuwa na watu wa kampuni ya Nuru wanapiga muziki. Wanatoa laini bure na bando la wiki nzima."

"Na laini yangu ya zamani?"

"Niliitupa. Ya nini tena? Kwa namba mpya nimeshawapigia ndugu wote, nikiwa pale pale mjini."

Siti aliishika simu kwa mikono miwili. Ilikuwa nzuri kweli. Aliibonyeza kumpigia Shamte. Haikuita. Alitoka nje, akaenda mpaka kwenye mipapai, akainua mkono juu. Haikuita.

"Labda kesho," Awadhi alisema.

Kesho yake haikuita pia. Ilipofika mchana chaji ilikwisha. Siti aliipeleka dukani kwenye umeme wa jua, akailipia chaji, akarudi nayo. Siku iliyofuata ikawa vivyo hivyo. Msimu ulikuwa umekolea, na korosho zilikuwa zinasubiri chini. Siti aliichoka simu. Aliiweka juu ya kabati.

"Nikimaliza kuokota nitaishughulikia," alisema.

Siku tisa zilipita.

Jumanne moja jua likizama, dereva wa pikipiki alisimama mbele ya nyumba. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye kope.

"Hapa ndipo kwa Mama Ziada? Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

"Nimeagizwa na mtu wa Masasi, naye kapigiwa kutoka Newala." Kijana aliangalia chini. "Kaka yako Shamte amefariki leo alfajiri. Wameshazika, alasiri. Pole sana, mama."

Siti hakulia. Alikaa kizingitini. Awadhi aliingia ndani, akaichukua simu juu ya kabati. Ilikuwa inawaka. Chaji ilikuwepo, kwani asubuhi hiyo alikuwa ameipeleka dukani. Alama ya mtandao ndiyo haikuwepo.

Walifika Newala siku iliyofuata, saa tano asubuhi. Ukungu ulikuwa haujaondoka. Stamili, mke wa marehemu, alimkumbatia wifi yake mlangoni. Wote wawili walilia.

"Wifi, tulikupigia," Stamili alisema. "Tangu saa kumi na mbili. Nimepiga mimi, wamepiga majirani. Wanasema haipatikani. Wazee walitaka kuzika adhuhuri. Nikawaomba, mngojeni dada yake. Wakangoja mpaka alasiri. Wakasema hawawezi kungoja zaidi."

"Nilikuwa nyumbani, wifi. Nilikuwa naokota korosho."

"Najua. Sikulaumu."

Lakini mama yake Siti alikuwa ameketi kwenye mkeka, macho yake hayaoni vizuri, na alisema maneno ambayo Siti hakuyasahau. "Siku zile za mwisho Shamte aliuliza, mbona Siti hapigi? Nikamwambia labda msimu umembana."

Siti aliinamisha kichwa. Awadhi, aliyekuwa amesimama nje ya mlango, alisikia. Aliondoka, akaenda kusimama peke yake nyuma ya nyumba.

Walikaa siku nne. Walipokuwa wanarudi, walishuka Lisekese, karibu na Masasi mjini. Hapo alikuwepo fundi simu mmoja aliyesifiwa, mwanamke aitwaye Veridiana. Kibanda chake kilikuwa na meza, taa na vifaa vidogo vidogo. Alikuwa na miaka kama thelathini na mitano.

"Shikamooni, wazee wangu."

"Marahaba," walijibu. Awadhi aliweka simu mezani. "Tengeneza hii, binti. Haishiki mtandao."

Veridiana aliigeuza. "Iko wapi risiti yake?"

"Hakunipa."

"Duka gani?"

"Si duka. Ni kijana, pale stendi."

"Na laini?"

"Nuru. Waliitoa bure."

Veridiana hakucheka. Aliwaangalia nyuso zao, akaona kanga nyeusi ya Siti. Akavuta mabenchi mawili. "Kaeni kwanza. Naona mna msiba."

Siti alimweleza yote. Alieleza polepole, bila kupandisha sauti, kama mtu aliyekwisha kulia. Fundi alisikiliza mpaka mwisho.

"Poleni sana," alisema. "Wengi wanakuja hapa na jambo kama hili. Ngojeni niwaonyeshe."

Alibonyeza nyota, reli, sifuri, sita, reli. Namba ndefu ikatokea kwenye kioo.

"Hii ni namba ya simu yenyewe, si ya laini. Kila simu halali ina namba yake peke yake. Naituma kwa ujumbe kwenda 15090, kwa wenye mamlaka ya mawasiliano, tuone jibu." Baada ya muda jibu lilikuja. Veridiana alilisoma mara mbili. "Jina lililoandikwa nyuma ya simu yenu ni hili. Jibu linataja simu nyingine kabisa. Maana yake namba hii imenakiliwa. Hii simu ni feki. Mwaka jana simu feki zilizimwa nchi nzima. Hii nayo siku yoyote inaweza kuzimwa."

"Ndiyo maana haishiki mtandao?" Awadhi aliuliza.

"Hapana, baba. Hayo ni matatizo mawili." Alichomoa laini ya Nuru, akaitia kwenye simu yake mwenyewe. "Ona, hapa mtandao umejaa. Laini ni nzima. Ila kila kampuni ina minara yake. Zamani hapa Masasi simu ilikuwa ya posta tu, hakukuwa na cha kuchagua. Siku hizi kampuni ni nyingi, na kila moja inasema inafika kote. Mnara wa Nuru uko hapa mjini. Bondeni kwenu huenda haufiki."

"Lakini Nuru wana bando kubwa," Awadhi alisema kwa sauti ndogo.

"Bando kubwa la nini, baba, kama lenyewe liko Masasi na ninyi mko Chiwata?"

Awadhi alifunika uso kwa kiganja. "Mimi ndiye niliyeitupa laini yake," alisema. "Mimi ndiye niliyenunua hii. Shemeji yangu amezikwa dada yake hayupo, kwa sababu yangu."

Siti alitazama barabara. Alikuwa amechoka mno hata asiweze kugombana. "Hukufanya kwa ubaya," alisema mwishowe. "Hukuuliza tu. Na mimi niliiona haifanyi kazi, nikaiweka juu ya kabati. Sasa tuulize. Binti, tununue simu gani?"

"Leo msinunue," Veridiana alijibu.

Wote wawili walishangaa.

"Rudini nyumbani. Tafuteni majirani wenye laini za kampuni mbalimbali. Waombeni waje na simu zao. Pigeni mkiwa chumbani, jikoni na shambani. Asubuhi, mchana na jioni. Fanyeni hivyo siku tatu. Laini itakayoita kila mahali ndiyo yenu. Kwanza chagueni mtandao, halafu simu."

Siti aliinuka kwa taabu, mkono kiunoni. Safari nyingine tena. Lakini alikubali.

Waliporudi Chiwata, jirani yao Getrude alikuja na laini ya Nuru. Mwalimu Ashiru alikuja na laini ya Umoja. Walizunguka nyumba nzima kama watu wanaotafuta sindano. Laini ya Nuru ilikamata njia panda tu, tena kwa shida. Laini ya Umoja iliita chumbani. Iliita jikoni. Shambani iliita mpaka kwenye mkorosho wa mwisho.

"Na picha, inatuma?" Siti alimuuliza mwalimu.

"Inatuma, ila mchana ni polepole. Jioni ni afadhali. Na bando lao ni dogo kuliko la Nuru, sikudanganyi."

"Mimi nataka kusikia watu wangu," Siti alisema. "Picha itafuata."

Baada ya siku tatu walirudi kwa Veridiana. Safari hii aliwauliza maswali. Nyumbani kuna umeme? Hakuna, wanalipia chaji dukani. Nani ataitumia? Siti. Anataka kufanya nini? Kupiga, kupigiwa, kusikia ujumbe wa sauti, kuona picha za wajukuu.

"Basi kioo kikubwa hakikufai, mama. Kinakula chaji. Chukua simu ya kugusa ya wastani, yenye betri kubwa ya kukaa siku mbili. Iwe na nafasi ya laini mbili. Nendeni dukani, si barabarani. Kabla hujatoa hela, iwashwe mbele yako. Tia laini, piga, sikiliza kama sauti haikwaruzi. Angalia ile namba ndefu ifanane na iliyoandikwa kwenye boksi, kisha itume 15090. Dai risiti yenye jina la duka, na waandike dhamana ni ya muda gani. Ikiharibika ndani ya muda huo, wairekebishe wao."

"Na namba yangu ya zamani?" Siti aliuliza. "Mama yangu haoni vizuri. Stamili ndiye humsaidia kunipigia, na namba ile kila mtu Newala anaijua."

"Ilisajiliwa kwa jina la nani?"

"Langu. Kwa kadi ya kupigia kura."

"Vizuri sana. Basi haijapotea. Nenda na kadi hiyo ofisi ya Umoja mjini, watakupa laini mpya yenye namba ile ile. Ingekuwa kwa jina la mtu mwingine, ungehangaika. Na namba ya siri usimwambie mtu, hata akipiga akasema yeye ni wa kampuni."

Walikwenda. Ofisini kulikuwa na foleni ndefu. Siti alisimama, akakaa sakafuni, akasimama tena. Saa nane mchana namba yake ilirudi. Dukani Awadhi ndiye aliyesema, kabla ya Siti kufungua mdomo, "Kijana, washa tuone. Na risiti utaandika." Muuzaji aliwasha. Siti alimpigia Stamili pale pale kaunta.

"Wifi! Umerudi hewani?"

"Nimerudi, wifi."

Siti alifuta macho kwa ncha ya kanga. Alimpa Awadhi simu.

Msimu ulikwisha, mvua zikaja. Siti alipiga Newala kila Ijumaa, kama zamani, ingawa sasa aliyekuwa akimpigia hakuwepo tena. Alizungumza na Stamili, kisha na mama yake. Jioni nyingine Ziada alituma picha za watoto, zikafunguka taratibu, kipande kwa kipande.

Mwezi wa pili, asubuhi moja, Siti alikuwa anapalilia mbaazi. Simu iliita kiunoni, ndani ya pindo la kanga.

"Wifi, mama yupo hospitali," Stamili alisema. "Homa kali tangu jana. Hataki kula wala kunywa. Anakutaja wewe."

Siti aliliacha jembe pale pale. Alipanda pikipiki mpaka Masasi, na kutoka Masasi gari la Newala. Njia ilikuwa tope jekundu, gari likakwama mara mbili, abiria wakashuka kusukuma. Siti alisukuma pia. Alifika hospitali saa kumi jioni, miguu imejaa udongo.

Mama yake alikuwa amelala ubavu, mdogo kuliko alivyokuwa. Muuguzi alisema dripu inakwenda vizuri, lakini bibi lazima ale. Siti alinawa, akachukua kikombe cha uji, akakaa kitandani.

"Mama, ni mimi Siti. Kunywa kidogo."

Mama alinyoosha mkono, akamgusa uso, akaupapasa mpaka kidevuni. Kisha akafungua mdomo. Alikunywa vijiko vitatu, akapumzika. Akanywa vingine viwili. Stamili, aliyekesha naye, aliegemea ukuta akafumba macho.

Kikombe kilipokwisha Siti alitoka kwenye kibaraza. Alimpigia mumewe, aliyekuwa ameazima simu ya Mwalimu Ashiru.

"Umefika?" Awadhi aliuliza upesi.

"Nimefika. Mama amekunywa uji. Amemaliza kikombe."

Siti alisikia mvua ikipiga bati la nyumba yao, na pumzi ya Awadhi.

"Alhamdulillahi," Awadhi alisema. "Kaa naye, Mama Ziada. Kaa mpaka apone. Mbaazi nitapalilia mimi."

"Na chakula je? Utapika?"

"Nitapika."

"Ugali wako naujua," Siti alisema, na kwa mara ya kwanza tangu msiba, alicheka.