Mwito wa Tatu

Bakuli lilikuwa la Hamda, na ndilo lililomtoa Bi Badria nyumbani saa ambayo yeye mwenyewe huwakataza watu kutoka. Asubuhi ya Ijumaa Hamda alimletea harisi ya ngano na nyama, na bakuli la watu halirudishwi tupu. Kwa hiyo Bi Badria akapika vibibi kumi na viwili vya unga wa mchele, akavipanga, akavifunika kwa kitambaa, akajitanda kanga na kutoka.

Ilikuwa Agosti ya mwaka 2003, hapa Ibra, Omani. Jua lilikuwa limeshazama, na magharibi ameisali upesi upesi. Njia ya kwenda kwa Hamda inafuata mfereji wa falaji, katikati ya mashamba ya mitende. Joto la mchana lilikuwa bado limekaa ardhini, na tende zilizoanikwa kwenye majamvi zilinukia utamu mpaka kooni.

Kisha harufu ikabadilika.

Mti uliolowa. Ulimbo. Baridi...

Bi Badria akasimama. Harufu ile aliijua, ingawa Ibra nzima hakuna mti unaonuka vile. Ilikuwa ndani ya kabati la chumba cha nyuma, kwenye begi la mgongoni la mjukuu wake Yaqoob, lililorudi kutoka Swideni miaka miwili nyuma pamoja na maiti yake.

Maji ya falaji yalinyamaza. Hayakukauka, aliyaona yakipita miguuni pake. Yalinyamaza tu.

"Bibi."

Sauti ilitoka nyuma yake, upande wa mitende. Sauti nyembamba ya mtoto ambaye hajabalehe.

"Bibi."

Halafu kimya.

Alifundishwa jambo hili na mama yake, nyumba ya Mkunazini, Unguja, kabla hajajua hata kusuka ukili. Naye akawafundisha wanawe, na baada ya wanawe akamfundisha mjukuu. Kati ya magharibi na isha, ukiitwa na anayekuita humwoni, usiitike. Hata iwe sauti ya mama yako. Usiitike mwito wa kwanza, usiitike wa pili. Mtu ataita mara ya tatu. Jini haiti mara ya tatu.

Bi Badria akangoja, bakuli limegandama kifuani. Akahesabu pumzi zake mpaka ishirini.

Wa tatu haukuja.

Akaenda zake bila kugeuka. Alipofika, Hamda alifunua kitambaa akaangua kicheko. Hamda alizaliwa Mwanza, na utani wa huko alikuja nao.

"Bi Badria, vibibi vyako vimetoka ngomani? Vyote vimelaliana."

Bi Badria akasema alijikwaa.

Hakumwambia mtu siku ile, wala siku ya pili. Siku ya pili hakutoka hata nje ya ua, na sauti ikaja ukutani. Siku ya tatu ilikuwa mlangoni, upande wa nje, chini kidogo ya kitasa. Kila magharibi ilikuwa vilevile: harufu ya mti uliolowa, kisha "Bibi", kisha "Bibi", kisha kimya kinachovuta masikio. Hapakuwa na mwito wa tatu hata siku moja. Na kila mara Bi Badria aliuma ncha ya kanga yake, akanyamaza, machozi yakimwagika.

Yaqoob alikuwa mtoto pekee wa binti yake Thuraya, aliyefariki mwanawe akiwa na miaka miwili. Alilelewa na bibi yake, na mpaka alipofika miaka saba alilala miguuni pa kitanda chake. Katika wajukuu wote ni yeye peke yake aliyependa kusema Kiswahili. Wengine walimjibu bibi yao kwa Kiarabu na kukimbilia michezoni. Yaqoob alisema "kitabu yangu", akasahihishwa, akarudia: kitabu changu. Akiitwa hakujibu "eh" kama watoto wa siku hizi. Alijibu "Naam, Bibi", vile anavyoitika mtoto wa kiume aliyelelewa. Ukimpa sharti alilishika kama amana.

Ndiyo maana uskauti ulimkaa vizuri. Mjomba wake Humoud, mwalimu wa shule, ndiye aliyekuwa kiongozi wa kikosi. Yaqoob alifunga mafundo kwenye miguu ya meza, kwenye ndoo, mara moja kwenye mkono wa bibi yake alipokuwa amesinzia. Julai ya mwaka 2001 Humoud aliwachukua wavulana wanane wa mkoa wa Sharqiyah kwenda kupiga kambi katika misitu ya Swideni. Yaqoob alikuwa na miaka kumi na mitatu. Wiki nzima kabla ya safari alilivaa begi lake ndani ya nyumba ili alizoee.

Bi Badria aliambiwa kuwa mtoto alipotea msituni, mvua ikanyesha, baridi ikamchukua. Kudra ya Mungu. Hakuuliza zaidi. Humoud naye hakusema zaidi, akaacha uskauti, na ndevu zake zikaota mvi katika mwaka mmoja.

Siku ya sita Humoud alikuja alasiri, kama kawaida yake, akambusu mama yake mkono.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Akamtilia kahawa. Aliacha anywe kikombe cha kwanza, ndipo akasema, macho kwenye mkeka:

"Ananiita, Humoud."

"Nani?"

"Si yeye. Najua si yeye, usinitazame hivyo, akili zangu ninazo. Inamwiga sauti. Inaita mara mbili halafu inanyamaza. Angekuwa Yaqoob wangu angeita ya tatu. Nilimfundisha mwenyewe."

Kikombe kilikuwa njiani kwenda mdomoni mwa Humoud. Hakikufika.

"Mara ngapi?" akanong'ona.

"Mbili."

Akakiweka kikombe chini, nacho kikalala, kahawa ikatambaa mkekani. Hakuna aliyeifuta. Humoud akamwambia mama yake kuwa kuna jambo alilolijua tangu Ramadhani iliyopita, na tangu siku hiyo hajalala usingizi wa mtu.

Jambo lenyewe alilipata kwa Nadhir, kijana wa Mudhaibi, mmoja wa wale wanane, aliyekuwa na Yaqoob siku ile. Wawili hao walikwenda kuokota kuni za kambi. Misonobari ya kule inafanana yote, ukizunguka mara moja hujui umetoka wapi, na mvua ilipoanza wakazidi kuingia ndani. Yaqoob akakumbuka walichofundishwa kambini: aliyepotea asitembee, achague mti mmoja aukumbatie, angoje kutafutwa. Basi wakachagua mti.

Watu wakatoka kuwatafuta. Wenyeji wa kule wana utaratibu wao, wakamwelekeza Humoud. Unaita jina mara mbili. Kisha wote mnasimama, hakuna wa kukohoa, mnasikiliza dakika nzima. Hakuna jibu, mnasogea hatua mia, mnaita tena mara mbili. Humoud ndiye aliyeita, kwa kuwa sauti yake watoto wanaijua.

"Walinisikia, mama," akasema. "Tangu mwanzo walinisikia."

Nadhir alipotaka kuitika, Yaqoob alimziba mdomo kwa kiganja. *Ngoja wa tatu,* akamwambia. Mwito wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Kisha kimya. Na kila watu waliposogea hatua mia, Yaqoob alihesabu upya kutoka moja.

Bi Badria alikuwa ameshika goti lake kwa mikono miwili.

"Lakini ni saa ya magharibi tu," akasema. "Nilimwambia kati ya magharibi na isha. Saa moja na kitu. Baada ya isha mtu anaitika."

"Kule wakati wa kiangazi hapaingii usiku, mama. Jua linashuka, na ule mwanga wa magharibi unabaki hapohapo mpaka alfajiri. Nadhir alimwomba. Alimwambia, nasikia baridi, tuitike. Akamjibu..." Humoud akaitazama kahawa iliyomwagika. "Akamjibu, bado magharibi. Isha haijaingia."

Karibu na mapambazuko Nadhir alijinasua akaifuata sauti, akaokoka. Lakini alipotakiwa awapeleke kwenye mti, hakuujua tena. Walimpata Yaqoob siku ya pili yake, hatua mia mbili kutoka njia waliyoipita mara nne. Alikuwa amekumbatia mti, kama alivyofundishwa kambini. Na hakuitika, kama alivyofundishwa nyumbani.

Kunguru wakapita juu ya ua wakienda kulala.

"Na wewe nilikufundisha," Bi Badria akasema. Hakusema kwa ukali. "Ulikuwa na miaka mitano. Nilikufundisha wewe na Thuraya pamoja."

"Ulinifundisha."

"Ungeita mara moja zaidi."

"Nilisahau, mama. Nimekaa huku miaka mingi... nilisahau."

Bi Badria akachukua kikombe, akakifuta kwa ncha ya kanga, akakifuta tena ingawa kimeshatakata. Hakulia. Alichosema ni kwamba Yaqoob alikuwa mtoto mtiifu. Akakisema mara kadhaa, kila mara polepole zaidi, kama mtu anayesoma jina lililoandikwa kwenye karatasi iliyochakaa. Humoud aliomba alale pale usiku ule. Mama yake akamrudisha kwa mkewe na watoto.

Kesho yake, magharibi, Bi Badria alifungua mlango wa ua mwenyewe. Alikuwa hakulala, na katika kutolala huko alikuwa amelielewa jambo moja. Hakuwa na haja ya kungoja aitwe mara ya tatu. Aliyekuwa akingoja ni mwingine. Miaka miwili anangoja, amekumbatia mti wake, na hakuna aliyemmalizia mwito wake.

Akaenda mpaka falajini, pale alipoisikia sauti siku ya kwanza. Akasimama akiyatazama maji.

Harufu ikaja.

Maji yakanyamaza.

"Bibi."

Akafumba macho.

"Bibi."

Kimya... Na ndani ya kimya kile Bi Badria akafungua kinywa chake. Tangu kuzaliwa hajapata kusema neno saa ile kwa asiyemwona.

"Yaqoob."

Majani ya mitende yaliyokuwa yakicheza yakatulia.

"Yaqoob."

Hapo akasita. Bado palikuwa na nafasi ya kurudi nyumbani, kama angetaka. Akamwona mtoto chini ya mvua, midomo ya buluu, akihesabu.

"Yaqoob!"

Hakuna kitu. Kisha nyuma yake, karibu kiasi cha kumpoza shingo:

"Naam, Bibi."

Moyo wake wote ukataka kugeuka. Na papo hapo likamjia wazo, dogo, baridi, kama tone la maji linaloingia ndani ya nguo. Mama yake alimfundisha kuwa jini haiti mara ya tatu. Hakumfundisha kama jini huitika.

Hakugeuka.

"Twende nyumbani, mwanangu," akasema. "Umelowa."

Akatangulia. Nyuma yake, juu ya mchanga uliokauka tangu majira ya mvua, miguu ilimfuata, ikilia chwa... chwa... kama viatu vilivyojaa maji. Alipoingia uani, mlango akauacha wazi nyuma yake.

Humoud alifika wakati adhana ya isha inamalizika. Aliukuta mlango wazi na sakafu ya ukumbi imelowa, mstari mmoja mwembamba, kutoka kizingitini hadi chumba cha nyuma. Baridi ilikuwa imejaa nyumbani, nayo Agosti. Mama yake alikuwa amekaa mkekani, mbele yake sahani mbili za vibibi. Moja ilikuwa haijaguswa. Kutoka ya pili vilikuwa vimeondoka vitatu.

Aliinua kidole midomoni. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyelia sana na kupumzika.

"Taratibu. Anabadilisha nguo."

"Mama," Humoud akanong'ona. "Mama, twende kwangu. Isha imeshaadhiniwa."

Bi Badria akatikisa kichwa, akitazama ule mlango wa chumba cha nyuma.

"Bado magharibi," akasema.

Ndani, kabati likafunguliwa. Vifungo vya begi vikalia, kimoja, kisha kingine. Harufu ya mti uliolowa ikaja mpaka ukumbini.

"Mjomba."

Humoud akaushika ukuta.

"Mjomba."

Kisha kimya. Mama yake akamtazama usoni, asimwambie aitike wala asiitike. Humoud akabaki amesimama palepale, kiganja ukutani, mdomo nusu wazi, akingoja wa tatu.