Sindano Tatu Alizoziruka Msumari

Kila siku saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla ya chai, Msumari alikaa kwenye kiti cha jikoni na mama yake akasimama mbele yake kama askari wa zamu. Kwanza kidole kilitobolewa, tone la damu likawekwa kwenye kipimo, namba ikatokea, mama akaiandika kwenye daftari. Kisha ilifuata insulini, iliyokaa kwenye mlango wa friji karibu na mayai. Msumari alijichoma mwenyewe, leo tumboni, kesho pajani. Jioni hivyo hivyo. Alikuwa na kisukari tangu umri wa miaka minane, na sasa alikuwa na kumi na miwili. Sindano haikujua Jumapili wala sikukuu.

Jina la Msumari alipewa na wenzake darasani. Kabla ugonjwa haujagunduliwa alikonda mpaka sare ilimning'inia kama imetundikwa ukutani. Baadaye alinenepa, lakini jina likabaki.

Alhamisi jioni, dakika chache baada ya sindano, simu ililia. Babu mzaa mama alikuwa ameanguka na kuvunjika nyonga. Baba alikuwa safarini na lori, kwa hiyo ilibidi mama aende peke yake, na basi lilikuwa linaondoka kabla hakujapambazuka. Alimwacha binti yake kwa wifi yake, yaani shangazi wa Msumari, ambaye alikuwa msusi na saluni yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba yao.

Mama alimwambia wifi yake kwamba hana kazi nyingine ila moja: amwone mtoto akijichoma, kwa macho yake. Shangazi aliitikia. Lakini shangazi alikuwa mwoga wa sindano kupita kiasi, na damu hakuweza hata kuitazama. Mama alipoondoka tu, akabadilisha mpango. Yeye angeuliza, mtoto angejibu. Huo ulikuwa uzembe, na hakuna neno zuri zaidi la kuuita.

Ijumaa asubuhi Msumari alichelewa kuamka. Hakukuwa na mtu jikoni. Alifungua friji, akaitazama ile chupa ndogo, akaifunga friji. Siku moja tu, aliwaza, niishi kama wengine. Shangazi akauliza kutoka saluni kama amechoma. Akajibu, "Nimechoma."

Shuleni hakuona tofauti kubwa, ila kiu. Jioni akaulizwa tena, akajibu vilevile. Uongo wa pili ni mwepesi kuliko wa kwanza.

Jumamosi aliamka akitapika. Shangazi alimpangusa uso, akasema bila shaka ni chakula cha jana, akamuuliza tena kuhusu sindano. Safari hii Msumari alikuwa na sababu aliyoiona ni ya akili kabisa: tumbo ni tupu, hajala kitu, sasa insulini itafanya kazi gani? Lakini sababu hiyo hakuisema. Alijibu tu kwamba amechoma.

Jumamosi ndiyo siku ambayo saluni hujaa. Shangazi hakutaka kumwacha mgonjwa peke yake chumbani, akamlaza kwenye benchi la wateja. Kwenye kiti alikuwa dereva wa gari la mikate, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuamsha mtaa, nywele zake zimesukwa upande mmoja na upande wa pili zimesimama wima. Msumari alikunywa maji, akaenda msalani, akarudi, akanywa tena, akatapika kwenye beseni. Dereva alimtazama kwenye kioo akasema mtoto huyu ni kama gari lenye rejeta inayovuja, unajaza maji juu, linayamwaga chini. Shangazi alicheka. Msumari hakucheka. Tumbo lilimuuma kama linakamuliwa.

Saa nane mchana shangazi alinusa dawa ya kufutia rangi ya kucha. Akauliza kwa ukali ni nani ameacha chupa wazi. Dereva akanyoosha mkono kwenye rafu akaichukua. Ilikuwa mpya, imejaa, na kifuniko chake hakijawahi kufunguliwa.

Shangazi alinusa taulo, akanusa meza. Kisha akainama kwenye benchi, na hapo harufu ikampiga usoni. Ilikuwa inatoka kinywani mwa mtoto.

"Umekunywa nini wewe?"

Msumari alitikisa kichwa. Alikuwa anapumua kwa nguvu, pumzi ndefu za haraka, kama mtu aliyepanda mlima, na huku amelala. Midomo ilikuwa imekauka. Dereva alisimama na nywele zake za nusu, mzaha wote umemtoka. Alisema mtoto huyu si wa kukaa nyumbani.

Shangazi alikumbuka kitu kimoja tu kuhusu kisukari. Aliwahi kusikia kwamba mgonjwa akikosa chakula sukari hushuka na anaweza kuzimia. Alikimbia dukani, akarudi na soda, akaifungua, akamwinua mtoto kichwa. Chupa ilikuwa imegusa mdomo.

Msumari aliijua ile harufu. Muuguzi wa kliniki alishamweleza zamani kwamba pumzi ikinuka hivyo, mwili umekosa insulini na unajitia sumu wenyewe. Akinyamaza, soda ingeingia. Akisema, uongo wake ungeanza kufumuka.

"Usinipe, shangazi," alisema kwa shida. "Pima kwanza."

Hakukuwa na mtu mwingine wa kupima. Mikono ya Msumari haikuweza kushika kitu. Shangazi aliyeogopa damu alichukua kile kifaa, akatoboa kidole cha mtoto, akabana, akaweka tone. Kipimo hakikutoa namba. Kilitoa herufi mbili, na Msumari akamwambia maana yake: sukari ni nyingi kuliko mashine inavyoweza kuhesabu.

Soda ilibaki mezani. Dereva alimbeba Msumari begani kama kreti ya mikate, akamweka kiti cha mbele cha gari lake, shangazi akabanwa mlangoni, na wakaondoka. Njiani shangazi alimwita mara tatu. Mara ya tatu Msumari alichelewa kuitika, na alipoitika alimwita shangazi yake "mama".

Hospitali hawakuwasubirisha. Muuguzi alimnusa, akamtazama anavyopumua, akaita daktari. Walipima damu, wakapima mkojo kwa kijiti cha kuonyesha ile sumu, kijiti kikageuka rangi ya zambarau iliyokolea. Dripu ya maji ya chumvi ikafungwa. Daktari aliuliza sindano ya mwisho ilikuwa lini.

"Leo asubuhi," shangazi alijibu bila kusita. "Huyu haruki hata siku moja. Namsimamia mwenyewe."

Daktari alikunja uso. Alimwambia muuguzi kwamba kama mtoto amechoma vizuri na bado yuko hivi, basi huenda insulini yao imeharibika, au kuna ugonjwa mwingine umejificha ndani, na itabidi watafute. Alianza kutaja vipimo kimoja baada ya kingine.

Msumari alisikia yote. Alimwona shangazi amesimama na kidevu juu, akimtetea kwa neno ambalo yeye mwenyewe alimpa. Angeweza kulala na kuwaacha watafute. Machozi hayakutoka, mwili haukuwa na maji ya kutoa.

"Sikuchoma," alisema. "Ya mwisho ilikuwa Alhamisi jioni. Nilimdanganya shangazi."

Kidevu cha shangazi kilishuka.

"Ahsante," daktari alisema, na hakuongeza lawama hata kidogo. "Sasa najua ninapambana na nini."

Insulini ilianza kuingia polepole kwenye mshipa. Walimtoboa kidole kila saa, wakatoa damu tena kuangalia chumvi za mwili, maana hizo nazo huyumba na moyo ukapata taabu. Shangazi hakutoka kando ya kitanda. Dereva alirudi kazini na nywele za nusu, na inasemekana hakuna mteja aliyethubutu kumcheka.

Jumapili asubuhi pumzi ya Msumari ilitulia na harufu ikaisha. Muuguzi alivuta kiti akaketi karibu na mgonjwa na shangazi, akasema nao wote wawili bila kupamba.

"Mwili wako, binti, hautengenezi insulini hata tone. Ukiikosa, sukari inajaa kwenye damu lakini mwili wenyewe una njaa. Unaanza kuchoma mafuta yake, na yanaacha asidi. Hiyo ndiyo mliyoinusa. Ingepita siku nyingine tungekuwa tunazungumza na mama yako jambo lingine. Na wewe shangazi, sikia. Mtoto akiumwa, akitapika, akikataa chakula, hapo ndipo insulini haiachwi kabisa. Kiasi kinaweza kubadilika, kwa hiyo mnatupigia simu kuuliza. Mnapima kila saa chache, anakunywa maji kidogo kidogo, mnapima mkojo. Kutapika kukiendelea, au akipumua kama jana, msiulize mtu. Njooni."

Shangazi alisema kosa ni lake pia. Alipewa kazi ya kutazama, yeye akaigeuza kuwa ya kuuliza.

Mama alifika mchana, vumbi la safari bado liko kwenye viatu. Wifi yake alikuwa amemweleza yote kwa simu. Msumari aligeukia ukuta akingoja kipigo cha maneno. Mama alikaa kitandani, akauliza kitu kimoja tu: kwa nini.

"Nilichoka, mama. Miaka minne. Kila siku."

Mama alimgeuza uso taratibu.

"Hilo ungeniambia," alisema. "Kuchoka si kosa. Ukichoka mimi nitakuchoma, nikichoka mimi atakuchoma shangazi yako, na wewe utalala tu kama malkia. Lakini lazima iingie, kila siku, ukiwa mzima au mgonjwa. Anayesema amechoka anasaidiwa, mwanangu. Anayesema amefanya na hajafanya, hata anayempenda hawezi kumsaidia, kwa sababu hajui."

Msumari aliitikia. Jioni muuguzi akaingia na sindano, akauliza nani anachoma. Mama na shangazi walinyoosha mikono kwa pamoja.