Taa Kwenye Chuma cha Kulehemu

Pauliasi hutengeneza redio na spika barazani kwake, kijijini, katika visiwa vya Vava'u. Mkewe, Kalolaine, husuka mikeka kando yake.

Siku ya maziko ya mzee Taniela, Pauliasi alikuwa ametoka tu kulehemu spika ya kanisa. Kaka wa marehemu, mzee mwenye sauti dhaifu, alisimama kuaga. Spika ikafuka moshi, ikanyamaza. Waliokaa nyuma hawakusikia neno. Watu wakageuka kumtazama fundi. Akawaambia spika imezeeka.

Tangu hapo hakwenda tena kunywa kava, kinywaji cha mizizi, na wenzake. Kalolaine alimsihi aifungue spika, akakataa.

Dada mkubwa wa Pauliasi, Lupe, fundi mitambo huko mji mkuu, Nuku'alofa, alikuwa amekuja mazikoni na bado hajaondoka. Kwao dada hapingwi. Akaifungua spika mwenyewe. Tone la risasi ya kulehemia lilikuwa limeunganisha nyaya mbili zisizotakiwa kugusana.

"Spika haijazeeka," alisema. "Macho yako je?"

Pauliasi akainama. "Miwani ninayo, dada. Lakini mkono wangu unatia kivuli palepale ninapochoma. Nakisia tu."

"Unakisia, kisha unaisingizia spika."

"Watasema nimekwisha."

"Wameshasema. Kaa hapa, utazame."

Lupe alichomoa chuma cha kulehemu kwenye umeme, akangoja kipoe. Akafunga vitaa viwili vya LED kwenye mpini, kimoja kila upande, vikielekea ncha. Alieleza kwamba kitaa kimoja peke yake kingetupa kivuli upande wa pili; vikiwa viwili, hufutiana vivuli. Aliviweka nyuma, mbali na sehemu ya moto, visije vikayeyuka. Kila kitaa alikipa rezista yake ya kupunguza umeme, kisiungue, akaviwasha kwa betri ndogo tatu za tochi. Alionya visiunganishwe kamwe na umeme wa ukutani.

Pauliasi akalehemu upya. Safari hii aliiona risasi ikitulia mahali pake. Spika ikatoa sauti.

Akaibeba pamoja na kipaza sauti mpaka kwa mjane wa Taniela, Seini. Mbele ya jamaa wote akasema kosa lilikuwa lake, na kwamba alidanganya. Hakuthubutu kuinua macho.

 Seini akamwita kaka wa marehemu, akampa kipaza sauti.

"Shemeji," alisema, "yaseme tena yale maneno. Wa nyuma hawakuyapata."