Kitanda cha Futi Tano

"Elfu themanini, kaka! Nichome kitanda cha elfu themanini kwa sababu ya ufito?"

"Kichome. Nitakulipa mimi."

"Utalipa na nini? Sala?"

Kaka yangu akarudia randa yake. Yeye hutengeneza majeneza nyuma ya karakana, mimi vitanda na meza upande wa mbele, na kwa miaka tisa ugomvi wetu ni huo huo mmoja. Hapimi maiti kwa tepu. Hukata ufito sawasawa na urefu wa marehemu, huutumia kupimia mbao, kisha huuvunja vipande viwili na kuulaza ndani ya jeneza, miguuni. Nikimuuliza kwa nini, husema hajui, ndivyo alivyofundishwa. Mimi ufundi nilijifundisha mwenyewe. Kitu kisicho na sababu hakikai mkononi mwangu.

Wiki ile alikuwa amefariki fundi cherehani wa mtaa wetu, mtu mfupi, futi tano kamili. Siku hiyohiyo nilikuwa na oda ya mama muuza dawa: kitanda cha mwanawe, futi tano. Tepu yangu ikakwama. Ufito wa kaka ulikuwa juu ya benchi, urefu uleule. Nikapimia mbao zangu, nikakata, halafu nikautupa kwenye moto wa kuchemshia gundi. Wafiwa walikuwa wakimharakisha kaka. Jeneza likaenda bila ufito, naye akakumbuka baada ya maziko.

"Kile kipimo kina mwenyewe," alininong'oneza.

"Mwenyewe kazikwa."

"Kazikwa bila kipimo chake."

Hasira zikanipanda. Saa sita mchana, jua limewaka, redio ya kinyozi inapiga kelele ng'ambo. Nikavua viatu. Mimi nina futi sita. Nikamwambia, tazama, ubao ni ubao, nikilala hapa magoti yatakunjana. Nikajilaza.

Hayakukunjana.

Nyayo ziligusa ubao wa miguuni. Utosi uligusa ubao wa kichwani. Barabara, kama nimepimiwa.

Niliruka nikaazima tepu kwa mchomelea vyuma. Kitanda: futi tano. Nikajipima ukutani. Sita.

Ningekichoma pale pale. Najisifu kwamba siuzi mali mbovu. Lakini tepu ilisema kitanda kizima, na mimi huamini tepu. Jioni nikakipeleka, nikapokea pesa yangu.

Siku ya tatu mama muuza dawa akapita.

"Fundi, ajabu. Mwanangu akilala anafika mwisho wa kitanda. Kichwa huku, miguu kule."

Mtoto ana miaka sita. Futi tatu na nusu.

"Na akiamka?"

"Urefu wake ni uleule wa siku zote. Nimempima, si unajua kazi yangu ni vipimo." Akacheka. Kicheko kikakatika njiani.

"Usimlaze tena humo."

"Kwa sababu gani?"

Nikaitafuta sababu. Sikuiona. Kaka alikuwa akinitazama kutoka nyuma, na mimi nikaona haya kusema maneno yake.

"Vanishi haijakauka vizuri," nikasema.

"Aa, basi! Nitamfungulia dirisha."

Akaenda zake. Uongo wa kwanza kumwambia mteja, nao ulikuwa na sababu safi kabisa.

Asubuhi iliyofuata walikuja wawili, wameshikana mikono. Kaka aliwaona kwanza. Akaweka randa chini. Polepole.

Mtoto alisimama bega kwa bega na mama yake, mabega yamelingana.

Shati lake la shule lilimkaa vizuri. Halikubana. Halikupanda. Kwa mkono wa kulia alikuwa akisugua kidole gumba na cha shahada, taratibu, kama mtu anayesokota ncha ya uzi.

"Shikamoo, fundi," alisema. Sauti ya mtoto.

"Mpime," mama yake akasema.

Nikampima. Mara moja. Mara ya pili. Mara ya tatu nilikanyaga mwanzo wa tepu kwa kiatu ili usisogee, nikainyoosha hadi utosini, na ilinibidi ninyanyue mkono.

"Futi tatu na nusu," nikasema.

Nyuma yangu kaka alianza kusali.

"Tazama mwenyewe, mama. Namba hii hapa. Tatu na nusu."

Hakuitazama tepu. Alinitazama mimi.

"Sitaki namba, fundi. Nipe mwanangu."