Hati ya Siku Arobaini

Mpimahofu haikuwa na sura, na afadhali. Ilikuwa mashine ya soko la hisa la Nanyuki, na kazi yake ilikuwa kunusa woga wa watu na kuupangia bei. Ukitaka hati ya anguko, yaani haki ya kuuza hisa kwa bei ya leo hata kama kesho itaporomoka, ilikupima kwanza mapigo ya moyo. Ukitetemeka, bei inapanda.

Injinia Nkirote alitetemeka. Alikuwa mkaguzi wa Kamba ya Anga, inayopandisha lifti ya abiria kutoka Nanyuki hadi kituo cha angani, na asubuhi hiyo alikuwa ameona ufa ndani ya kamba, akapiga hesabu kwamba itakatika ndani ya siku arobaini. Badala ya kupiga kelele, alikwenda sokoni. Ndiyo, sokoni! Sheria ilisema mkaguzi akisimamisha lifti, hati zake zote za kampuni yenye lifti hiyo zinafutwa. Kwa hiyo aliufyata ulimi.

"Hati ya siku sitini bei yake ni mara mbili ya ile ya arobaini," mashine ilimwambia. "Na zote huyeyuka. Kila siku hisa isipoanguka, hati inapungua thamani. Siku ya mwisho, saa sita mchana, inakufa."

"Nipe ya siku arobaini. Hesabu yangu haijawahi kukosea."

Akatia akiba yake yote.

Wiki ya kwanza hisa ilipanda. Ya pili ikapanda tena, maana abiria walikuwa wameongezeka. Nkirote akaanza kuichukia kamba. Kila alfajiri aliuangalia ule ufa kwenye skrini ya ukaguzi na kunong'ona, "Si ukatike basi!" Inatia kinyaa kusimulia, lakini ndivyo alivyosema, huku abiria mia mbili wakipanga foleni chini yake na mikoba yao.

Mzee Leparleen, fundi wa mitambo, alimsikia siku moja. Binti yake Naserian alikuwa mhudumu ndani ya lifti hiyo, akigawa chai kila safari.

"Injinia, siku hizi unapiga gumzo na kamba?" akamtania.

Nkirote alicheka. Lo, alicheka!

Siku ya arobaini, saa tano na nusu, hisa ilikuwa juu na kamba ilikuwa imetulia tuli. Akafungua hesabu zake kwa hasira, na hapo akaona. Wakaguzi hufundishwa tangu chuoni: kamba ikiweza kustahimili siku sitini, andika arobaini. Theluthi hukatwa kulinda roho za watu. Mkono wake ulikuwa umeikata kwa mazoea, naye akasahau, akaenda kuichezea kamari tarehe ya tahadhari kana kwamba ndiyo tarehe ya kukatika.

Bado alisubiri. Dakika thelathini nzima alikaa, macho kwenye saa, huku abiria wa safari ya saa sita na robo wakiingia mmoja mmoja na Naserian akiwakaribisha mlangoni.

Saa sita kamili, hati ikafa. Dakika moja baadaye, Nkirote akabonyeza kitufe cha kusimamisha lifti.

King'ora kililia. Kabla hakijanyamaza, hisa ilikuwa imeporomoka hadi nusu. Kuhusu anguko alikuwa sahihi kabisa, na hakupata hata senti.

Mzee Leparleen alikuja mbio akihema, akamshika mikono yote miwili. "Asante, mwanangu! Umeniokolea mtoto. Huo ufa umeuona saa ngapi?"

Swali hilohilo lilikuwa kwenye skrini, kwenye fomu ya ripoti, likingoja jibu.

"Sasa hivi, Mzee," alisema Nkirote, na akaandika hivyo.

Mzee akageuka, machozi yakimlengalenga, akaita kwa nguvu, "Naserian! Njoo umshukuru injinia!" Msichana akaja, bado ameshika birika la chai, akamkumbatia kwa mkono mmoja. Nkirote akakubali kukumbatiwa.