Nzi wa Maua ya Kunde

Kila asubuhi, baada ya kunywa uji, Siti alikwenda katika shamba la mama yake, Bi Moza, kulinda kunde zisiliwe na tumbili. Ulikuwa wakati wa vita, na mchele haukuletwa tena Pemba kama zamani. Watu wa kijiji chao cha Ole walikula muhogo kwa kunde, na wengine muhogo mtupu. Kwa hiyo shamba lile dogo ndilo lililokuwa tegemeo lao.

Siku chache nyuma, Bwana Afya alikuja kijijini na picha kubwa ya nzi. Alieleza jinsi nzi anavyotoka chooni na kutua kwenye chakula. Siti, mwenye umri wa miaka kumi na mmoja, alisikiliza kwa makini. Basi alipowaona nzi wadogo wenye mistari ya manjano wakielea juu ya maua ya kunde, alikata shauri kuwamaliza. Aliwasha makumbi ya nazi akawafukiza kwa moshi. Viwavi wadogo wa kijani waliotambaa kwenye majani akawafikicha kwa vidole. Alifanya hivyo siku kumi bila ya kumwambia mtu. Alitaka mama yake ashangae siku ya mavuno.

Lakini wadudu weusi, wadogo kama punje za ufuta, walianza kujaa kwenye mashina na kufyonza maji yake. Majani yakajikunja, maua yakapukutika.

"Hili ni jicho," alisema Bi Moza. "Juzi Mwatum alipita hapa akazisifu kunde zangu, wala hakusema mashallah."

Bi Mwatum alikuwa jirani yao. Kwa miaka mingi yeye na Bi Moza walitwanga katika kinu kimoja. Tangu siku hiyo Bi Moza hakuitikia salamu yake, wakawa wanapishana kisimani kimya kimya.

Siku moja mbuzi wa kina Siti alikata kamba, akakimbilia shambani kwa Bi Mwatum. Siti alimfuata, na Bi Mwatum akamsaidia kumkamata. Kunde za hapo zilikuwa safi, na nzi wa manjano walijaa mauani.

"Bi Mwatum, kwa nini huwafukuzi nzi hawa?" aliuliza Siti.

"Niwafukuze wamenikosea nini?" Bi Mwatum aligeuza jani moja. Kiwavi wa kijani alikuwa amemkamata mdudu mweusi, anamfyonza. "Huyu ni mtoto wa nzi huyo. Mama yake anakula utamu wa maua, na yeye anakula hawa weusi. Nzi wa chooni ni mwingine, mwanangu."

Siti alimvuta mbuzi wake kurudi nyumbani. Hakuna aliyemwona akiwasha moshi, na angenyamaza, nani angejua? Lakini aliwakumbuka wale wawili kisimani, moyo ukamuuma. Alifika nyumbani, akasimama mbele ya mama yake.

"Mama, si jicho. Ni mimi."

Akaeleza yote huku akilia.  Bi Moza akajitanda kanga yake, akaenda moja kwa moja kwa jirani.

"Mwatum, nisamehe," alisema mlangoni. "Nimekudhania ubaya."

"Iliniuma sana, Moza," alijibu Bi Mwatum. "Lakini yamekwisha. Ingia ndani."

Kesho yake wote watatu walikata majani yenye viwavi katika shamba la Bi Mwatum, wakayapachika katikati ya kunde za Bi Moza. Baada ya wiki mbili wadudu weusi walipungua na maua mapya yakachanua. Mavuno hayakuwa mengi kama walivyotarajia, lakini yalitosha chakula na mbegu.

Siku walipokuwa wakipukuchua kunde pamoja na Bi Mwatum, Bi Moza alimtazama binti yake.

"Siti, ulikosea kwa kutojua, na hilo halinisumbui. Siku nyingine uliza kwanza kabla ya kuanza kazi usiyoijua. Lakini ulipojua kosa lako, ulilisema siku hiyo hiyo, na kwa hilo nakushukuru. Kunde tungepanda nyingine mwakani. Mwenzangu huyu, ningempata wapi tena?"