Fundi Makochi Abadilisha Tarehe ya Safari

Fundi Makochi aliishi nyuma ya karakana yake. Chumba cha mbele kilikuwa cha kazi. Kilijaa fremu za mbao, sponji na vipande vya vitambaa. Chumba cha nyuma kilikuwa cha kulala, na tangu mke wake afariki, aliingia humo kulala tu. Chakula alikula karakanani, juu ya kochi la mteja yeyote lililokuwa tayari, huku ametandika gazeti asije akalichafua.

Wateja walimpenda kwa sababu hakuwa mtu wa maneno mengi. Hawakujua kwamba siku nyingine alifunga karakana bila kuongea na mtu. Hata alipoitikia hodi, sauti ilimkwama kooni kama mlango usiofunguliwa mara kwa mara.

Alikuwa na mtoto mmoja tu, binti. Binti huyo aliishi ng'ambo, akifanya kazi katika jiko la hospitali. Mumewe alikuwa ameondoka, na Fundi hakuuliza ameondokaje. Binti alipopata ujauzito, alimwomba baba yake aende akae naye. Fundi alisita. Alisema mambo ya uzazi ni ya kina mama, na yeye angekuwa wa kukaa tu pembeni.

Binti akasema, "Mama hayupo, Baba. Nimebaki na wewe."

Fundi akakubali. Binti akamkatia tiketi ya ndege ya kwenda na kurudi, ya bei ya chini kabisa aliyoipata.

Asubuhi moja Fundi alikuwa aking'oa misumari kwenye kiti kikuukuu. Simu ikalia. Alikuwa binti yake. Daktari ameona mtoto hajakaa vizuri tumboni, akasema atolewe kwa upasuaji. Upasuaji wenyewe umewahishwa, utafanyika kabla Baba hajafika. Binti alisema si kitu, atajitahidi peke yake. Lakini sauti yake haikuwa ya mtu anayesema si kitu.

Fundi alilipigia simu shirika la ndege. Mhudumu aliongea naye kwa adabu. Alimweleza kwamba tarehe inaweza kubadilishwa, ila kuna ada ya kubadilisha. Tena, kama nauli ya siku mpya imepanda, ataongeza na tofauti. Fundi alikata simu bila kuaga. Alirudi kwenye kiti chake na kung'oa misumari kana kwamba imemtukana.

Baadaye akapata wazo. Ataiacha ile safari ya kwenda ipotee. Atatafuta tiketi ya kwenda tu kwa shirika jingine, kisha atarudi kwa tiketi yake ya zamani. Hiyo ada hawataiona ng'o. Akaona amewaweza.

Mchana jirani yake alibisha hodi. Watu walimwita Mama Tiketi, kwa sababu alikuwa ameuza tiketi za ndege kwenye ofisi ya wakala wa safari mpaka akastaafu. Na yeye aliishi peke yake. Siku hiyo alileta mto wa kiti uliofumuka. Mto wenyewe ulifumuka kidogo tu, mtu yeyote mwenye sindano angeushona. Fundi aliliona hilo, lakini akampa kiti akae.

Akiwa anashona, alimsimulia yote, pamoja na mpango wake. Mama Tiketi alitikisa kichwa.

"Usifanye hivyo, Fundi. Usipotokea siku ya kwenda, mashirika mengi hufuta safari nzima, na ile ya kurudi pia. Utafika huko, halafu urudi kwa miguu?"

Sindano ikasimama. "Lakini kiti cha ndege kimeshalipiwa," Fundi alisema. "Kulipishwa tena si wizi huo?"

"Ngoja nikuulize. Mteja amekuagiza kochi la kitambaa chekundu. Umeshakata kitambaa. Anakuja, anasema sasa anataka la kijani. Unamfanyaje?"

"Kitambaa nilichokata atakilipia. Nitamuuzia nani vipande?"

"Na wao ni hivyo hivyo. Ndege ikisharuka, kiti kilichobaki kitupu hakiuziki tena. Halafu tiketi ya bei ya chini ni makubaliano. Unalipa kidogo, lakini umekubali kufungwa na tarehe. Ukitaka uhuru wa kubadilisha, kuna tiketi za bei ya juu kidogo. Kwa hiyo kabla ya kununua, mtu aulize: nikibadilisha tarehe itakuwaje? Nikighairi kabisa, narudishiwa nini?"

Fundi alifikiri. Hakuwa mtu wa kushindwa haraka. "Na mteja akija kabla sijakata kitambaa?"

"Wewe unamtoza?"

"Nimtoze nini? Kitambaa si kizima?"

Mama Tiketi alicheka kidogo, kicheko kisicho na furaha. "Hapo ndipo nilipokuwa nagombana na wakubwa wangu. Mtu akitoa taarifa mapema, kile kiti wanakiuza tena, na ada wanachukua. Na pengine ada yenyewe ni kubwa kuliko hasara. Nimekaa dirishani miaka mingi nikiwaambia watu habari ya ada. Wengine walikuwa wanawahi msiba. Walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyeipanga."

"Kwa hiyo ni haki au si haki?"

"Ni haki nusu, Fundi. Lakini binti yako hawezi kujifungua nusu."

Fundi aliinamia mto. Mama Tiketi alimtazama, kisha akamuuliza taratibu kama kweli kinachomzuia ni ile ada.

Fundi alikata uzi. "Mara ya mwisho kuingia hospitali tulikuwa wawili," alisema. "Nilitoka peke yangu."

Mama Tiketi hakumwambia pole. Alisogeza kiti chake karibu na kumwambia alete simu.

Walipiga pamoja. Fundi ndiye aliyeongea, Mama Tiketi akimnong'oneza la kuuliza. Kwanza aliuliza ada ya kubadilisha ni kiasi gani. Kisha akauliza tofauti ya nauli peke yake, ili vitu hivyo viwili visichanganywe. Akauliza kama cheti cha daktari kinaweza kumsaidia asamehewe. Kuna mashirika yanayosamehe, lakini hilo halikusamehe. Mama Tiketi akamnong'oneza aulizie siku za jirani. Kumbe siku aliyoitaka nauli ilikuwa imepanda sana, lakini siku iliyotangulia haikuwa imepanda hata kidogo.

Fundi alilipa ada tu, kwa fedha aliyokuwa ameiweka ya kununulia sponji. Ilimuuma, na hakuficha kwamba imemuuma. Tiketi mpya ilipoingia kwenye simu, Mama Tiketi alimwonyesha vya kukagua: jina, tarehe ya kwenda, tarehe ya kurudi. Kisha akachukua mto wake, akaenda zake.

Siku ya upasuaji, Fundi alikaa kwenye korido ndefu iliyonukia dawa. Watu wengine walikaa kwa makundi, wakigawana chai na maneno. Yeye alikaa na koti la binti yake mapajani. Mara mbili alisimama akitaka kutoka nje. Mara mbili alikaa tena.

Mlango ulifunguliwa. Muuguzi alilitaja jina la binti yake na kuuliza kama ana ndugu yeyote hapo.

"Yupo," Fundi alisema. "Mimi ni baba yake."

Binti yake alikuwa amelala, uso umechoka, lakini mzima. Mtoto alikuwa wa kike. Walimpa Fundi ambebe. Mikono iliyokunja vitambaa maisha yote haikujua ishike wapi. Binti alifumbua macho, akamwona, akalia bila sauti.

Baadaye Fundi alitoka nje akiwa na habari kubwa kifuani. Alitaka kumwambia mtu. Kwa miaka mingi mtu wa kuambiwa alikuwa mmoja tu. Alisimama na simu mkononi, kisha akampigia Mama Tiketi.

Mama Tiketi alishukuru, akauliza mtoto anafanana na nani. Kisha akauliza kama tarehe ya kurudi inamtosha kweli, maana jeraha la upasuaji huchukua muda kupona.

"Haitoshi," Fundi alisema. "Nimeshawapigia leo hii hii, sikungoja. Nimeuliza ada, nimeuliza tofauti, nimeuliza siku za jirani. Nimesogeza. Ada yao ya haki nusu nimewapa."

"Umefanya vizuri, Fundi. Kaa na mwanao. Karakana nitakuangalizia."

Nyuma ya sauti yake hapakuwa na redio, wala kijiko kugonga kikombe, wala mtu. Fundi aliufahamu ukimya huo. Alimwambia atampigia tena kesho, amwambie mtoto ameamkaje. Mama Tiketi akasema atangoja.

Hata walipokwisha kuagana, hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kukata simu.